Plagi za Gari na Ratiba ya Sevisi: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Gereji, Tabora

Maswali haya yametoka midomoni mwa wateja wetu wa Tabora mjini na wanaokuja kutoka Urambo, Sikonge, Uyui na Nzega. Mengine tunayasikia mara tatu kwa siku, ndiyo maana tumeyaandika. Majibu yanahusu zaidi magari ya petroli yaliyotoka Japani, kwa kuwa ndiyo yanayojaa barabarani kwetu. Wa dizeli na wa bodaboda waende mwishoni kabisa.

## Mambo ya mwanzo

Plagi inafanya kazi gani hasa?

Ndani ya silinda kuna hewa na petroli vilivyochanganyika na kubanwa na pistoni. Mchanganyiko huo unasubiri cheche, na cheche inatoka kwenye plagi, katika mwanya mdogo ulio kati ya ncha mbili za chuma. Kwenye magari mengi mwanya huo ni kama milimita moja. Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi zaidi ya volti 20,000 ili uweze kuruka hapo.

Watu wengi hawajui plagi inafanya kazi kiasi gani, kwa hiyo tupige hesabu. Kila plagi hutoa cheche moja kwa mizunguko miwili ya injini. Ukienda kilometa 60 kwa saa injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ni cheche 1,250 kwa kila kilometa. Kutoka hapa hadi Nzega, kilometa 115 hivi, kila plagi imeshawaka zaidi ya mara 140,000. Ukifikisha kilometa 30,000 ni zaidi ya milioni 37.

Inaishaje wakati hakuna kinachosuguana?

Kila cheche hung'oa chembe ndogo mno ya chuma. Chembe moja si kitu, ila mamilioni yakikusanyika, ncha iliyokuwa na kona kali inakuwa duara na mwanya unapanuka. Cheche hupenda kona kali, na ncha ikishakuwa butu umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka. Nguvu hiyo inatoka kwenye koili. Ndiyo sababu mtu anayeahirisha kununua plagi mwisho wake hununua na koili.

Plagi pia inaweza kuharibika kabla haijaisha: ikafunikwa na masizi, ikaloa oili, au kauri yake, ile sehemu nyeupe, ikapasuka. Hayo ni magonjwa, si uzee, na tiba yake ni tofauti. Tazama swali la rangi ya plagi.

Nitajuaje kwamba zimechoka?

Gari linachelewa kuwaka asubuhi, hasa Juni na Julai baridi ya hapa inapouma. Likiwa sailensa, yaani limesimama huku injini ikiunguruma, linatetemeka. Ukikanyaga mafuta kulipita lori, linasita kwanza ndipo linavuta. Tangi lililokuwa linakutosha wiki sasa linaishia Alhamisi.

Shida ni kwamba uchovu huu unakuja polepole, na dereva anauzoea. Wateja wengi hutuambia gari lao halina tatizo, kisha wakishafungiwa plagi mpya wanarudi kutuuliza tumefanya nini kingine. Usisubiri dalili. Hesabu kilometa.

## Kilometa na ratiba

Nibadilishe plagi baada ya kilometa ngapi?

Inategemea ncha yake ni ya madini gani. Plagi za kawaida, za nikeli, ndizo za bei nafuu na ndizo zinazoisha mapema. NGK, watengenezaji wa plagi, kwa soko la Japani wanashauri zibadilishwe kila kilometa 15,000 hadi 20,000, na kwa yale magari madogo ya cc 660 kila 7,000 hadi 10,000, kwa kuwa injini ndogo huzunguka kwa kasi zaidi ili kutembea umbali uleule. Plagi za platinamu au iridiamu za maisha marefu hufika kilometa 100,000.

Tofauti ni kubwa mno, kwa hiyo swali la kwanza kabla ya "kilometa ngapi" ni "zimefungwa plagi gani?" Kama hujui, fungua moja uangalie. Ncha ya katikati ya nikeli ni nene kama msumari mdogo. Ya iridiamu ni nyembamba kama sindano.

Kwa hiyo iridiamu yoyote ni ya kilometa 100,000?

Hapana, na hapa watu wengi wanaumia. Zipo plagi za iridiamu zilizotengenezwa kwa ajili ya wepesi wa kuwaka. Ncha ya katikati ni ya iridiamu, lakini ule mkono wa pembeni ni wa nikeli ya kawaida, na unaisha kama nikeli yoyote. Za maisha marefu huwa na madini magumu pande zote mbili. Soma boksi, au muulize muuza spea swali hilohilo: pande zote mbili, au moja?

Gari langu limetoka Japani juzi na dashibodi inasoma 78,000. Nihesabu kuanzia wapi?

Kuanzia sifuri, siku uliyokabidhiwa ufunguo. Hujui mwenye gari wa kwanza alifanya nini na hukufanya, na hata hiyo 78,000 huna uhakika nayo. Fungua plagi uzitazame. Badilisha oili na filta yake, angalia ea klina (chujio la hewa) na maji ya rejeta. Kisha chukua daftari, andika tarehe, kilometa na kilichofanyika, uliweke kwenye droo ya gari. Daftari la shilingi mia chache limewaokolea wateja wetu fedha nyingi kuliko mashine yoyote tuliyonayo gereji.

Vumbi la Tabora linaharibu plagi?

Linaharibu, ila si kwa njia ambayo watu wanadhani. Vumbi haliingii kwenye plagi moja kwa moja. Linapita kwenye ea klina.

Kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, anayetembea barabara za vumbi nyuma ya malori ya tumbaku anavuta vumbi kutwa nzima. Ea klina ikiziba, gari la kabureta huanza kula petroli nyingi kuliko hewa na plagi zinakuwa nyeusi. Gari la kisasa lina sensa inayopima hewa, kwa hiyo hupunguza petroli pia. Plagi hubaki safi, ila gari linakosa nguvu.

Hatari kubwa zaidi ni ea klina iliyochanika, au iliyofungwa vibaya ikaacha upenyo. Mchanga laini wa kwetu ukipita hapo unakwangua kuta za silinda na ringi za pistoni. Baada ya muda injini inaanza kula oili, na oili hiyo inakuja kuonekana kwenye plagi. Tumefungua boksi la ea klina la gari lililotoka Kaliua tukapitisha kidole upande wa ndani, ule unaotakiwa kuwa safi. Kidole kilitoka chekundu. Mwenye gari alikuwa anapuliza ea klina kwa kompresa kila wiki, kwa nia njema kabisa, na upepo ule mkali ndio ulioitoboa. Ukilazimika kupuliza, tumia upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha iinue kwenye jua: ukiona tundu la mwanga, itupe.

Mimi natoka Cheyo naenda sokoni na kurudi tu. Plagi zangu zitadumu zaidi, si ndiyo?

Kwa kilometa, hapana. Plagi hujisafisha yenyewe ikifika joto la nyuzi 450 hivi, hapo masizi yanaungua. Safari ya dakika tano haiipi injini nafasi ya kupata moto sawasawa, kwa hiyo masizi yanabaki na kuongezeka. Pia dakika unazokaa injini ikiunguruma nje ya shule ukisubiri mtoto hazisomeki kwenye dashibodi, lakini plagi inawaka muda wote. Mara mojamoja lipeleke gari barabara ya lami ya Nzega kwa nusu saa, likimbie vizuri.

Na oili nibadilishe lini? Huyu anasema 3,000, yule 10,000.

Toyota kwa Japani huandika kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), na nusu yake, yaani 7,500 au miezi sita, kwa matumizi magumu. Barabara za vumbi na safari fupi zimo kwenye hayo matumizi magumu, kwa hiyo mwenye gari wa Tabora asijihesabu upande wa 15,000. Sisi tunashauri 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, pamoja na filta. Ukitumia oili nzuri, 3,000 ni kujiumiza mfuko bila sababu, isipokuwa gari lina tabo au tayari linakula oili.

Na vitu vingine?

Kwa ufupi: ea klina iangaliwe kila unapobadilisha oili, na kiangazi iangaliwe kila mwezi. Maji ya breki kila miaka miwili. Maji ya rejeta yawe kulanti, si ya bomba. Kama injini yako inatumia taimingi belti, si cheni, belti ibadilishwe kila kilometa 100,000 na usiipitishe hata kidogo, maana ikikatika kwenye injini nyingi valvu na pistoni zinagongana.

## Kuisoma plagi

Rangi ya plagi inasema nini?

Inasema mengi, na tungependa kila mwenye gari ajue kuisoma, kwa sababu hapo ndipo fundi mkweli na anayebahatisha wanapotofautiana. Plagi zikitolewa, ziombe zipangwe kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zikichanganywa kwenye kopo, ushahidi umepotea.

Kahawia hafifu au kijivu, kama chai ya maziwa iliyokauka: nzima, inachoma vizuri. Nyeusi kavu, inayopaka vidole kama masizi ya sufuria: petroli imezidi, au gari halipati moto. Nyeusi inayong'aa na kuloa: oili inaingia ndani ya silinda. Nyeupe kama chokaa, pengine na vipele: plagi inapata joto kupita kiasi, ama petroli ni kidogo ama plagi si ya injini hiyo. Nyekundu ya kutu mara nyingi hutokana na viongezeo vya chuma ndani ya petroli.

Mama mmoja anayeuza asali alikuja kutoka Sikonge na Probox, ndoo za asali bado zimo nyuma. Gari lilikuwa linamisi, yaani silinda moja haichomi sawasawa, na kwingine alikuwa ameshaambiwa anunue nozeli (za kupulizia petroli) zote nne. Tukamwambia, "Mama, tuzitazame plagi kwanza." Tatu zilikuwa kahawia safi. Ya silinda ya tatu ilitoka imeloa, oili nyeusi inateleza kwenye nyuzi zake za kukazia na kudondokea kitambaani. Tukamuuliza kama asubuhi gari hutoa moshi wa bluu likiwashwa. Akasema ndiyo, kidogo, halafu unaisha. Moshi wa namna hiyo, wa asubuhi tu, mara nyingi ni sili za valvu: oili inavuja polepole usiku kucha na kuungua gari likiwaka. Sili ndizo tulizobadilisha, pamoja na plagi. Nozeli zake zilezile zinaendelea na kazi mpaka leo.

Kuna mkanda wa kahawia kwenye kauri nyeupe, karibu na chuma. Plagi inavuja?

Hapana. Ni vumbi na mvuke wa oili ulio nje ya injini, unavutwa na umeme mkali na kuganda kwenye kauri. Plagi ni nzima. Tunasikitika kuona plagi nzuri zinatupwa kwa sababu hii tu.

Nimetoa koili, shimo la plagi limejaa oili.

Hiyo ni oili ya nje, tofauti na ile ya jibu la rangi. Inatoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) au raba za mashimo ya plagi. Ikausheni kwanza kabla ya kulegeza plagi, la sivyo yote inaingia kwenye silinda. Kisha badilisheni gasketi. Ukiacha, oili inalainisha raba ya koili na umeme unaanza kuvujia pembeni.

## Kununua na kufunga

Herufi na namba za plagi zina maana gani?

Chukua BKR5E-11 ya NGK. B ni unene wa nyuzi, milimita 14. K ni kichwa cha spana ya 16. R ni kizuizi kinachofanya redio isikorome. 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Na 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1.

Kwa NGK na Denso, namba ya joto ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Tano ya NGK inalingana na 16 ya Denso, sita na 20. Bosch wao huhesabu kinyume. Usipandishe wala kushusha kwa kubahatisha. Na usikubali plagi yenye nyuzi ndefu kuliko ya kwako eti "inaingia tu": ikizidi urefu, pistoni inaweza kuigonga.

Nitaitambuaje feki?

Tazama mkono wa pembeni: kwenye halisi umekaa katikati kabisa ya ncha na umechomelewa kwa usafi. Maandishi kwenye kauri yawe makali, yasifutike kwa kucha. Jaribu kuitoa ile washa (pete ya chuma) ya chini kwa vidole; kwenye halisi haitoki kirahisi. Na iridiamu ikiuzwa kwa bei ya nikeli, hiyo si iridiamu.

Naweza kuzisugua kwa brashi ya waya nikazirudisha?

Za nikeli, kwa kuvuka siku mbili, sawa, kwa mkono mwepesi na upande wa nyuzi tu. Brashi ikigusa kauri inaacha michirizi ya chuma na umeme unapita hapo badala ya kuruka. Za iridiamu na platinamu usizisugue kabisa, wala usiutanue mwanya wake kwa kuukandamiza na bisibisi. Ncha ile nyembamba inakatika.

Imeharibika moja. Nibadilishe moja?

Kama zote ni mpya, ndiyo. Kama zimekwisha tembea, badilisha zote, kwa kuwa zimewaka idadi ileile ya cheche.

Naweza kufunga mwenyewe?

Unaweza, kama injini ni ya silinda nne na plagi zipo juu. Fanya kazi injini ikiwa baridi, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na ikiwa ya moto nyuzi zinaharibika. Kabla ya kulegeza, puliza mashimo kwa kompresa. Hata fundi wa pancha wa jirani atakusaidia. Hatua hii usiiruke hapa kwetu. Mchanga uliojikusanya kando ya plagi utadondokea kwenye silinda mara tu ukiitoa.

Plagi mpya iingize kwa mkono, ukishika boksi spana peke yake bila mpini. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, rudisha uanze upya, usilazimishe. Ikigusa chini, washa ikiwa mpya, kaza kati ya nusu mzunguko na theluthi mbili. Plagi iliyokwisha kutumika ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu, maana washa imeshabanwa. Usipake grisi kwenye nyuzi: inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Mwandishi wa majibu haya, akiwa bado anajifunza ufundi, alikaza plagi kwa nguvu zote akidhani kukaza ndiko kufunga vizuri. Nyuzi za aluminiamu zilitoka na plagi, zimeizunguka kama waya. Hedi ilibidi itobolewe na kuwekewa nyuzi za chuma. Kazi ya dakika ishirini iliishia siku tatu.

## Hali za pekee

Taa ya injini inawaka na kuzima. Naweza kufika Nzega kwanza?

Hapana. Taa ikiwaka bila kupepesa una muda wa kutafuta fundi. Ikipepesa huku gari linatetemeka, kuna silinda haichomi, na petroli yake mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega ya egzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanapata joto kali, yanayeyuka na kuziba. Plagi moja ni kitu kidogo sana mbele ya bei ya masega. Simama.

Nimebadilisha plagi zote na bado linamisi.

Soma makosa kwa mashine. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Tuseme ni ya pili: hamisha koili yake uipeleke ya tatu, futa kosa, endesha. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, angalia nozeli, kisha pima mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halikugharimu spea hata moja, kwa hiyo liombe kabla hujakubali kununua chochote.

Dar es Salaam gari langu lilikuwa jepesi. Tangu nihamie Tabora ni zito. Ni plagi?

Pengine si plagi. Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na hakuna plagi itakayoirudisha. Kama uzito unaousikia ni zaidi ya huo, rudi kwenye swali la vumbi.

Kwa nini naambiwa ninunue plagi nane wakati gari langu lina silinda nne?

Kama ni Honda Fit ya zamani ya cc 1,300, hujaibiwa. Injini ile ina plagi mbili kwa kila silinda, na zile za nyuma ndizo mafundi huziacha kwa kuwa hazifikiki vizuri. Hesabu za zamani utakazokabidhiwa: ziwe nane. Kwa injini za V6 kama za baadhi ya Harrier, tatu za nyuma zimejificha chini ya manifoldi (mabomba ya kupitisha hewa), kwa hiyo gharama ya ufundi ni halali kuwa kubwa. Huko funga za maisha marefu, usirudi mapema.

Gari langu ni la dizeli.

Halina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo. Zile zinazoitwa hita plagi zinapasha moto silinda wakati wa kuwasha tu. Likisumbua asubuhi ya baridi na mchana likawaka vizuri, anza nazo.

Na bodaboda?

NGK kwa pikipiki wanashauri kila kilometa 3,000 hadi 5,000. Kijana anayetembea kilometa 100 kwa siku anazifikisha 3,000 kwa mwezi mmoja. Plagi ya pikipiki ni moja tu, haina mwenzake wa kuisaidia, na ikifa ukiwa katikati ya pori la Ipole na abiria nyuma, mtasukuma. Weka ya akiba chini ya kiti, kwenye boksi lake ili kauri isipasuke, pamoja na spana yake.